Dakika Mbili Kati ya Laptop na Desktop

Mami,

Umetoka hapa nusu saa iliyopita, binti yangu, kwenda mtaa wa Kaptembwo kumuaga rafiki yako Akinyi, na tangu ulipofunga geti nimekaa kwenye kiti hiki na kuinuka mara tano. Mara ya kwanza nilienda kuangalia kama begi lako limefungwa. Limefungwa. Mara ya pili nilienda kuangalia tena. Duka sikufungua leo, jambo ambalo sijawahi kufanya siku ya kazi tangu tuhamie mtaa huu wa Kiamunyi, na wateja wananipigia simu kuuliza kama kuna msiba. Nawaambia msichana wangu anasafiri kesho kwenda Dar es Salaam kufanya kazi. Mmoja akaniambia, "Hongera boss, sasa utapumzika." Nimejaribu kupumzika. Nimeosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Mama yako ameyasema hayo yote, na mengine ameyasema mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, na nalizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Linahusu kompyuta. Najua utacheka, maana ndani ya nyumba hii ni jambo gani lisilohusu kompyuta? Nimeamua kuliandika kwa sababu najijua. Nikifungua mdomo nitaanza kukueleza habari za wati na feni, utaitikia kwa kichwa, na tutamaliza chai kabla sijafika penyewe.

Wacha nianze nyuma kidogo. Ulikuwa kidato cha kwanza wakati nilipoanza kuuza zile laptop nene za kuchezea gemu. Alikuja kijana mmoja anayepiga video za harusi, akachagua moja yenye feni mbili na taa za rangi kwenye kibodi. Rafiki yake alikuwa amenunua kwangu kompyuta ya mezani mwezi uliotangulia, na kadi ya grafiki ndani yake, ile inayochora picha kwenye skrini, ilikuwa na jina lile lile, namba zile zile. Akaniuliza, "Boss, hii na ile desktop ya beshte yangu ni sawa?" Nikamjibu bila hata kuinua macho, "Jina ni moja, nguvu ni moja."

Wiki mbili baadaye alirudi na uso umekunjamana. "Boss, beshte yangu anamaliza video nikiwa bado niko nusu. Si uliniambia ni kitu moja?" Duka lilikuwa limejaa watu. Nikamwambia mbele yao wote kwamba tatizo ni yeye, hajui kuitumia. Alichukua laptop yake akaondoka. Jioni hiyo nikaketi kusoma, kitu nilichopaswa kufanya kabla ya kuuza, nikagundua yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kadi ya mezani inakula umeme karibu mara mbili ya ile ya laptop, ina feni zake na nafasi ya kupumua. Ya laptop imebanwa ndani ya kitu chembamba, na ikipata joto inajipunguzia mwendo isije ikaungua. Watengenezaji wametumia jina moja kwa vitu viwili, nami nikaliamini jina.

Yule kijana aliporudi siku nyingine kutafuta waya, nilimpa begi la laptop bure. Sikumwambia kwa nini. Mpaka leo tukikutana mjini ananisalimia kwa mikono miwili na kuwaambia watu mimi ni fundi mwenye roho safi. Kila akinisifu natamani ardhi inimeze, halafu namshukuru na kuendelea na safari. Huyo ndiye baba yako, mami. Nikikosea, huwa natafuta zawadi badala ya kutafuta neno.

Nimeinuka tena. Nilidhani nimesikia geti, kumbe ni mbwa wa jirani.

Unakumbuka tulivyounda ile desktop yako baada ya mtihani wa kidato cha nne? Ulikaa sakafuni katika kile chumba cha nyuma, vifaa vimekuzunguka, na ile dawa ya kupozea prosesa ukaipaka kama unapaka siagi kwenye mkate. Tulikaa robo saa nzima tukiifuta. Ilipowaka ulisema, "Dad, sasa mimi niko na shamba yangu." Na kweli ulilima. Ulisoma uchoraji wa ramani za nyumba pale chuoni, na kabla hujamaliza tayari wachoraji wa hapa Nakuru mjini walikuwa wanakuletea ramani zao uwatengenezee picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Ukuta, jua la saa kumi likiingia dirishani, nyasi mbele, hata viatu mlangoni. Mimi ninayezunguka na bisibisi nilikuwa nasimama nyuma yako kutazama jinsi viatu vile vilivyo na vumbi la huku kwetu.

Mama yako alikuwa Mau Narok akifundisha, anakuja Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi na wewe na ule mngurumo wa feni kutoka chumba cha nyuma. Niliuzoea. Nikirudi kutoka dukani na kuusikia tangu mlangoni, najua upo, najua kuna mtu wa kuniambia ugali wangu ni mgumu.

Halafu ile studio ya Nairobi ikakuandikia.

Ulikuwa na miaka ishirini. Walikuwa wameona picha zako, wakakutaka, lakini sharti lao lilikuwa uje na mashine yako mwenyewe, tena ya kubebeka, kwa sababu kazi yao ni ya kwenda kwa wateja leo Westlands kesho Thika. Ulikuja dukani mbio ukiwa na ile barua kwenye simu. Ukaniuliza swali lile lile la yule kijana wa harusi. "Dad, nikinunua laptop iko na card kama ya desktop yangu, itafanya hii kazi?"

Nami safari hiyo nilikuwa nimeshajua jibu. Jibu la kweli lilikuwa: itafanya, itachelewa kidogo, itapiga kelele nyingi, lakini itafanya. Badala yake nilikwambia, "Usiniamini mimi. Tupime."

Kulikuwa na laptop ya gemu pale dukani, ya mteja wa Njoro aliyeileta isafishwe feni. Hata ruhusa yake sikuomba, hilo nalo liandike kwenye orodha ya makosa yangu. Kadi yake ilikuwa na jina sawa na la kadi yako. Ulipoileta desktop yako dukani, tukaweka kazi moja kwenye mashine zote mbili, ile picha yako ya nyumba yenye ngazi za mawe. Desktop yako ilimaliza kwa dakika nne. Laptop ikachukua dakika kumi na saba. Ulisimama pale na simu mkononi ukihesabu, na ilipofika dakika ya kumi uliacha kuangalia skrini ukaanza kuangalia barabarani. Mwishowe ukasema polepole, "Wueh. Kumbe ni jina tu." Usiku huo ukawaandikia Nairobi kwamba huwezi.

Sasa ndiyo nafika penyewe, na mkono wangu unataka kwenda kuosha vikombe.

Laptop kama ile ina chaja yake, lile tofali zito ambalo wewe sasa unalijua vizuri kwa sababu umelalamika namna linavyojaza begi. Bila tofali lile haipati umeme wa kutosha, kwa hiyo kadi inafungwa, inafanya kazi robo robo. Mteja wa Njoro alileta laptop pamoja na tofali lake. Mimi nililiweka kwenye droo ya chini kabla hujafika na mashine yako, nikachomeka chaja ndogo, zile nyembamba za laptop za ofisini. Ile alama ya kuchaji ilikuwa inaonekana kwenye skrini, kila kitu kilionekana sawa. Wewe hukuwa na sababu ya kukagua chaja. Aliyeichomeka ni baba yako, fundi wa miaka ishirini.

Ulipoenda sokoni kununua mboga, nilitoa tofali kwenye droo nikapima tena peke yangu. Sijui kwa nini nilipima. Labda nilitumaini itashindwa hata hivyo, nipate kulala. Ilimaliza kwa dakika sita.

Nne na sita. Dakika mbili, Wambui. Nilikunyima Nairobi kwa dakika mbili, na sikukwambia.

Nimekaa hapa nikitafuta namna ya kuifanya sentensi hiyo iwe nyepesi, sijaipata. Sikufanya hivyo kwa sababu ya kazi yako. Kila nilichokwambia baadaye kuhusu desktop kilikuwa kweli: ni imara zaidi, haichoki, kikiharibika kitu kimoja unabadilisha hicho tu, na kwa bei moja inaishinda laptop. Nilikuwa na hoja nzuri zote. Lakini mimi nilikuwa napenda desktop kwa sababu moja ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya kiwanda. Haibebeki. Mtu mwenye desktop anarudi nyumbani jioni. Niliogopa kufungua mlango nikute kimya, basi. Mwanamume mzima mwenye mvi niliogopa nyumba yangu mwenyewe, na nikakulipisha wewe.

Kwa miaka mitatu nilijiambia haikudhuru. Kazi ulipata, jina ulijenga hapa hapa Nakuru. Nilikuletea kiti kizuri, unakikumbuka? Ulifurahi ukaniuliza ni siku gani ya kuzaliwa hiyo. Sasa unajua kiti kile kilikuwa cha nini.

Ningeweza hata kufa nalo, nakwambia ukweli. Kilichonishika ni mambo mawili ya mwezi huu.

La kwanza ni siku ile ulipohojiwa na wale watu wa Dar kwa simu. Ulikuwa chumba cha nyuma, mlango wazi, mimi nimekaa sebuleni najifanya nasoma gazeti. Yule mzee wa huko, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, akakuuliza kwa nini hukuwahi kufanya kazi nje ya Nakuru. Nikakusikia unamjibu, "Nilipata nafasi Nairobi nikiwa na miaka ishirini, lakini sikuwa tayari." Ulilisema kwa unyenyekevu, kama mtu anayekiri kosa lake. Gazeti lilinitoka mkononi. Mami, ulikuwa tayari. Ulikuwa tayari kabisa. Mimi ndiye sikuwa tayari, na wewe umelibeba neno langu miaka mitatu ukidhani ni lako. Ndiyo maana siwezi kukuacha upande basi kesho bila kulichukua. Kule Dar kutakuwa na siku ngumu, kila mgeni anazo, na siku hiyo utatafuta ndani yako ushahidi kwamba huwezi. Huo wa Nairobi usiuhesabu. Ni wa uongo.

La pili ni Jumapili iliyopita. Ulikuwa umenunua laptop yako kwa jasho lako bila kuniuliza, na naomba nikwambie nilipoiona mezani nilijivunia na kuumia kwa pamoja. Ukaipima mbele yetu. Ukachukua ile ile picha ya ngazi za mawe, ukachomeka tofali, ikamaliza kwa dakika tatu na kitu. Ukapiga makofi. "Dad, hizi laptop zimeimprove sana! Unakumbuka ile ya Njoro?" Nami nikajibu, "Teknolojia imesonga." Kweli imesonga. Lakini ulikuwa umenifungulia mlango wa kutokea, nami nikapita bila hata kugeuka.

Mama yako alikuwa ananitazama. Miaka ishirini na tano ya ndoa, hakuna sura yangu asiyoijua. Jikoni akaniuliza ya Njoro ilikuwa nini, nikamweleza yote tukiwa tumesimama. Hakupaza sauti. Aliendelea kumenya viazi mpaka akamaliza, akafuta kisu, akasema, "Baba Wambui, huyo mtoto alilia wiki mzima, na mimi nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Kumbe ni yako. Nikirudi Alhamisi nikute umemwambia. Ama nitamwambia mimi." Leo ni Alhamisi. Anafika jioni.

Sikujua kwamba ulilia wiki nzima. Mbele yangu ulikuwa unaimba.

Nimezunguka nyumba nikarudi. Nimesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Desktop umeifunika kitambaa, umeifutia vumbi hata nyuma ambako hakuna anayeona. Umeniachia karatasi: "Dad, uitumie, usiiuze." Nilitoka haraka.

Nimekuwa nikimfikiria babu yako leo. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano kule Mau Narok, shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu, na alitaka sana nami niendeshe trekta. Nilipomwambia nataka kuja mjini kujifunza kutengeneza redio, alitoka kwenda kujaza trekta mafuta. Asubuhi yake alinipakia kwenye trekta na sanduku langu, akanipeleka mpaka barabarani, akageuza, akaenda. Hakuniaga hata kwa mkono. Nilifika Kaptembwo, nikapanga chumba kimoja na vijana wawili, na kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia watu kwamba baba yangu hakujali kama nimekwenda au nimebaki. Leo ndiyo naona alifanya kazi ambayo mimi ilinishinda. Alikuwa na trekta. Angeweza kusema imeharibika.

Nisikuhubirie. Nina neno moja la kazi na moja la maisha, na sijui kama yana tofauti. Mtu akikuonyesha kipimo, cha mashine au cha uwezo wako, mwombe uone kimeunganishwa na nini. Tazama chaja. Tazama nani aliichomeka na anapata nini ukishindwa. Fanya hivyo hata kwa mtu anayekupenda, kwa sababu mtu anayekupenda anaweza kuogopa, na mtu anayeogopa hupima vibaya. Na siku wewe utakapomkosea mtu, maana utakosea, usimpe begi wala kiti. Mwambie. Mimi nimejifunza hilo nikiwa na miaka hamsini na mbili, na kama unavyoona hata leo nimelifanya kwa kalamu.

Na moja zaidi la kazi siwezi kulimeza, samahani. Dar kuna joto ambalo sisi watu wa Nakuru hatulijui. Laptop yako itapiga kelele na mwendo utapungua mchana. Usidhani imeharibika, na usidhani ni wewe. Iinue nyuma ipate hewa, kazi nzito zifanye asubuhi. Desktop isingeteseka hivyo. Lakini desktop isingekwenda Dar.

Nilikuwa nimepanga kukuwekea barua hii ndani ya begi, kwenye ule mfuko wa mbele, uikute ukishavuka mpaka. Nimeinuka mara mbili kwenda kuiweka. Kisha nikaona hiyo ni njia ileile ya kujificha: usome peke yako kwenye basi kati ya watu usiowajua, hasira zikujae na usiwe na wa kumwambia, nami niwe hapa nakunywa chai. Kwa hiyo sitaiweka.

Samahani, Wambui. Nilikudanganya, na wewe ulikuwa umenikosea nini? Hukunikosea kitu. Ulikuwa tu unakua.

Geti limelia, na safari hii ni wewe, nasikia unazungumza na mbwa wa jirani. Basi lako ni kesho saa moja asubuhi, kwa hiyo una jioni nzima ya kunikasirikia ukiwa nyumbani kwenu. Nitakupa barua hii mkononi sasa hivi, kabla hujavua viatu. Usome hapa mezani. Mimi nitakaa kwenye kiti kinachotazamana nawe, na safari hii sitainuka.

Baba yako